Nyenje wa miaka 13 na 17 na ndege wanaowala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili. Wapo ndugu zetu wanaoishi Maryland, Ohio, Kentucky na Illinois, ambao waliamka asubuhi moja wakakuta ukuta wa nyumba umejaa wadudu wenye macho mekundu. Wapo pia walioko huku nyumbani, waliotumiwa video na hawaamini wanachokiona. Nimewajibu wote hapa. Mkiona nimekaa zaidi kwenye ndege, ni kwa sababu naamini huko ndiko yaliko mambo makubwa, na ndiko watu wasikotazama.

Hawa ni wadudu gani hasa?

Ni nyenje wa mitini, wale wanaolia kwa sauti kali juu ya miti jua linapowaka. Duniani kuna maelfu ya aina za nyenje, na Afrika Mashariki tunao wetu. Hawa wanaozungumziwa ni wa jenasi moja tu, Magicicada, yenye spishi saba, na hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki na katikati ya Marekani. Spishi tatu hutoka ardhini kila baada ya miaka 17, nne kila baada ya miaka 13. Mwili ni mweusi, macho mekundu, na mishipa ya mabawa ina rangi ya chungwa. Ukubwa wake ni kama sentimita tatu hivi.

Marekani ina nyenje wengine pia, wakubwa zaidi na wenye rangi ya kijani, ambao huonekana kila mwaka katikati ya kiangazi. Hao si hawa.

Je, ni nzige?

Hapana, ingawa Wamarekani wengi wamewaita hivyo tangu zama za wakoloni. Nzige ni jamaa wa panzi, ana meno ya kutafuna na humaliza shamba. Nyenje ana mrija wa kufyonza, na hana uwezo wa kutafuna jani hata moja. Waliokumbana na nzige wa jangwani Kenya mwaka 2020 wanajua tofauti: nyenje wakiondoka, msitu unabaki na majani yake.

Wanafanya nini chini ya ardhi miaka yote hiyo?

Wanakula na kukua. Wengi hudhani wamelala, lakini sivyo. Tunutu, yaani nyenje mchanga asiye na mabawa, huishi kwenye udongo karibu na mizizi, amechomeka mrija wake akifyonza maji yanayopanda kutoka mizizini kwenda kwenye majani. Maji hayo yana lishe kidogo mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukuaji wake kuwa wa taratibu. Hubadilisha ngozi mara kadhaa humo humo gizani.

Jinsi anavyohesabu miaka imewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2000 na Richard Karban na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Walichukua tunutu wa miaka 15, wakawaweka kwenye mizizi ya miti ya pichi iliyofanywa ichanue mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tunutu wakatoka mwaka mmoja kabla ya wakati wao. Kwa hiyo hahesabu majira wala baridi. Anachohesabu ni mti: kila unapoamka na kusukuma maji yenye lishe mpya ya kuchanua, kwake mwaka umepita.

Siku ya kutoka wanaijuaje?

Mwaka ukishatimia, kinachobaki ni joto. Udongo ukifika nyuzi joto 18 za Selsiasi kwenye kina cha sentimita 20 hivi, wanatoka, na mvua nyepesi huwaharakisha. Kusini huanza mwishoni mwa Aprili, kaskazini hadi Juni.

Ukitaka kuwaona vizuri, toka nje na tochi jua likishazama. Chini ya mti ardhi imetoboka matundu ya ukubwa wa kidole, mengine yamezungushiwa kijimnara cha udongo. Tunutu wa kahawia hupanda chochote kilichosimama: shina la mti, nguzo ya uzio, gurudumu la gari, hata mguu wako ukisimama kimya. Akipata mahali hujishika sawasawa, kisha ngozi inapasuka mgongoni. Anayetoka humo ni mweupe kama maziwa, ana madoa mawili meusi nyuma ya kichwa, na mabawa yake yamejikunja kama karatasi iliyolowa. Taratibu mabawa yanajaa na kunyooka. Kufikia asubuhi ameshakuwa mweusi. Katika saa hizo chache hawezi kuruka wala kujitetea, na kila mwenye njaa msituni anajua.

Baada ya siku nne au tano madume huanza kulia, na wakikusanyika juu ya mti mmoja sauti yao hupita desibeli 90. Maisha ya juu ni wiki nne hadi sita tu. Jike hupasua vijiti vyembamba na kutaga humo, jumla mayai mia tano au zaidi. Baada ya wiki sita hadi kumi watoto wadogo kuliko punje ya mchele huanguliwa, wanadondoka chini na kuzama ardhini. Hesabu inaanza upya.

Kwa nini watoke wengi hivyo kwa wakati mmoja?

Kwa sababu wingi ndiyo ngao yao pekee. Hana sumu, hang'ati, haumi, harukii mbali. Ukimfuata kwa mkono unamchukua tu.

Mtaalamu Henry Dybas na mwenzake walihesabu matundu kwenye kisitu kimoja cha Illinois mwaka 1956 wakapata nyenje kama milioni moja na nusu kwa ekari. Yeyote aliyewahi kuona kumbikumbi wakitoka baada ya mvua anajua kinachotokea: kuku wanakula, mwewe anakula, vyura wanakula, watoto wanajaza bakuli, na bado walioruka kwenda zao ni wengi kuliko walioliwa. Tumbo la ndege lina mwisho. Huko Arkansas, kundi la miaka 13 lilipotoka mwaka 1985, watafiti waliona ndege wakiwala karibu wote waliotangulia kutoka. Idadi ilipopanda, sehemu iliyoliwa ikashuka sana.

Ushahidi wa upande wa pili uko kwa wanaokosea hesabu. Mwaka 2017 baadhi ya nyenje waliotakiwa kutoka 2021 walijitokeza miaka minne mapema kwenye eneo la Washington na Baltimore. Walikuwa wachache, na wengi waliliwa na ndege.

Ni ndege gani wanaowala?

Ni rahisi zaidi kuuliza ndege gani hawali. Mwaka 2021, Kundi la X lilipotoka (nyenje wanaotoka mwaka mmoja huhesabiwa kundi moja, na makundi hupewa namba za Kirumi), watafiti waliorodhesha spishi zaidi ya 80 za ndege walioonekana wakila nyenje. Kulikuwa na waliotarajiwa: vigong'ota, kunguru, shomoro, kwezi wa Ulaya, bata mzinga wa porini. Lakini hata ndege ambao kwa kawaida hula vitu vingine kabisa walijiunga, kuanzia wadogo ambao nyenje mmoja anawajaza mdomo wote hadi wa majini wenye miguu mirefu.

Angalia anavyoliwa. Ndege mdogo hawezi kummeza mzima, hivyo humbeba hadi kwenye tawi nene, anampigapiga mpaka mabawa yanang'oka, kisha anakula tumbo lenye mafuta na kuacha mengine. Chini ya tawi kama hilo utakuta zulia la mabawa angavu yenye mishipa ya chungwa. Kufikia wiki ya pili ndege huwa wavivu: nyenje anapita karibu na mdomo wake naye hashughuliki.

Anayestahili kutajwa peke yake ni kekeo. Amerika ya Kaskazini ina aina mbili zinazohusika, mwenye mdomo wa njano na mwenye mdomo mweusi, na wote wawili ni wala viwavi wakubwa wanaofuata chakula kilipo. Mwaka wa nyenje wanaonekana kwa wingi kuliko kawaida katika maeneo husika.

Na si ndege peke yao. Fuko huwala tunutu chini kabla hawajatoka, nyoka huwasubiri kwenye mashina usiku wanapojivua ngozi, na kindi, kobe na samaki nao hawabaki nyuma.

Chakula kingi hivyo kinawasaidia ndege kuzaa?

Kwa baadhi, ndiyo. Makinda ya ndege mweusi mwenye mabega mekundu yalikua vizuri zaidi na mengi zaidi yakafika kuruka katika mwaka wa nyenje.

Walter Koenig wa Chuo Kikuu cha Cornell na Andrew Liebhold wa Idara ya Misitu ya Marekani walikwenda mbali zaidi. Walichukua takwimu za sensa ya ndege ya kila mwaka, ambayo watu wa kujitolea wameifanya tangu miaka ya 1960, wakazilinganisha na ramani za makundi ya nyenje. Kigong'ota mwenye tumbo jekundu na yule jamaa wa kunguru mwenye manyoya ya buluu waliongezeka mwaka mmoja hadi mitatu baada ya nyenje kutoka, pamoja na ndege wengine wachache.

Halafu likaja la kushangaza. Spishi nyingi zilionekana *pungufu* katika mwaka wenyewe wa nyenje. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kelele inawazuia wahesabuji kusikia ndege. Wakalipima, na upungufu ukabaki pale pale: ndege kweli walikuwa wachache. Mwaka 2013 wawili hao walitoa hoja kwamba nyenje wenyewe, kwa kuulisha msitu karamu moja kubwa, huanzisha mawimbi ya kupanda na kushuka kwa idadi ya ndege, na shimo la wimbi hilo linaangukia muda ambao kizazi kijacho kitatoka. Ikiwa ni hivyo, mdudu anapanga idadi ya maadui wa wajukuu zake. Bado inajadiliwa, nami naiona hoja yenye nguvu.

Ndege wakijaa nyenje, nani anakula wadudu wengine?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na halikuulizwa kwa miaka mingi. Jibu lake limepatikana juzi tu.

Timu ya vyuo vikuu vitatu vya eneo la Washington, yaani George Washington, Georgetown na Maryland, ilijiandaa kwa ajili ya 2021. Walitengeneza viwavi bandia kwa udongo laini wa kijani, wakawabandika kwenye majani ya mialoni. Ndege akidonoa, alama ya mdomo inabaki kwenye udongo, kwa hiyo unaweza kuhesabu mashambulizi bila kuwepo. Walifanya hivyo mwaka wa nyenje na miaka isiyo na nyenje.

Mwaka wa nyenje, alama za midomo zilipungua vibaya. Ndege walikuwa wameacha kutafuta viwavi. Na viwavi wa kweli? Idadi yao kwenye mialoni karibu iliongezeka maradufu, na uharibifu wa majani ukaongezeka vivyo hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Science. Mwaka uliofuata ndege walirudi kazini kwao na mambo yakatulia.

Fikiria mlolongo huo. Nyenje hali majani, lakini kutoka kwake kunafanya mwaloni uliwe zaidi, kwa sababu mlinzi wa mwaloni ameitwa karamuni. Huwezi kuona jambo hilo kwa kutazama nyenje peke yake. Ndiyo maana nawasihi walioko huko: mwaka wa nyenje, tazameni ndege wanachokiacha, siyo wanachokila tu.

Na maiti zao?

Zinaoza kwa harufu kali kwa siku kadhaa, kisha zinakuwa mbolea. Louie Yang alionyesha mwaka 2004 kwamba udongo wa msitu uliopata maiti za nyenje ulikuwa na naitrojeni zaidi, na mimea iliyoota hapo ilitoa mbegu kubwa zaidi.

Kwa nini 13 na 17, na siyo 12 au 16?

Namba hizi hazigawanyiki isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe. Hoja moja ni kwamba adui mwenye mzunguko wa miaka miwili, mitatu au minne hukutana nao mara chache. Nyingine ni kwamba makundi yenye mizunguko hiyo hukutana kwa nadra na hivyo hayachanganyi damu: 13 mara 17 ni 221. Kundi la XIII, la miaka 17, na Kundi la XIX, la miaka 13, yalitoka pamoja mwaka 2024. Mara ya mwisho ilikuwa 1803, Thomas Jefferson akiwa rais, na itakayofuata ni 2245. Mimi naona hoja hizi ni nzuri lakini hazitoshi, maana nyenje wa Fiji anayeitwa nanai hutoka kila miaka minane, na India yuko wa miaka minne, nao wanaishi salama.

Nani aligundua mzunguko huu?

Watu wa asili wa Amerika waliwajua kabla ya yeyote, na walowezi wa Plymouth waliwaona mwaka 1634. Lakini napenda watu wetu wajue jina la Benjamin Banneker. Alikuwa Mwafrika Mmarekani huru, mkulima wa Maryland aliyejifunza elimu ya nyota mwenyewe na kuchapisha almanaka. Alizaliwa 1731. Nyenje walipotoka 1749 alikuwa kijana wa miaka 17, akajaribu kuwaua akidhani watamaliza mazao, kisha akaona ni kazi bure. Akawaona tena 1766, tena 1783, akaandika kwamba watarudi 1800. Ni Kundi la X lile lile lililotoka 2021. Aliandika pia kwamba nyuma ya mwili wao huoza na kudondoka, na bado wanaendelea kuimba kana kwamba hawaumwi.

Kuoza na kuendelea kuimba? Inawezekanaje?

Banneker alikuwa ameona ugonjwa wa kuvu unaoitwa Massospora cicadina. Kuvu huyu hula sehemu ya nyuma ya nyenje, inadondoka, na mahali pake panabaki donge jeupe la unga wa mbegu zake. Nyenje haanguki. Anaruka, anatembea, anajaribu kujamiiana usiku na mchana huku akisambaza unga. Dume aliyeambukizwa hata hupigapiga mabawa kama jike ili kuwavuta madume wengine.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walieleza kilichomo. Kuvu huyo hutengeneza kathinoni, kichangamshi kile kile kilichomo kwenye miraa mbichi. Mtu wa Meru hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini nyenje huyu halali na hasikii njaa.

Nyenje wanadhuru mtu au mti?

Mtu, hapana. Miti mikubwa hupoteza ncha za matawi tu, zinakauka na kuning'inia kahawia. Mti mchanga uliopandwa karibuni ndio unaohitaji kufunikwa kwa wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita moja.

Wiki kadhaa baadaye, hata hivyo, unaweza kuwashwa shingoni na mabegani bila kujua sababu. Ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaokula mayai ya nyenje na kudondoka kutoka mitini. Ilitokea Chicago mwaka 2007. Oga na ubadilishe nguo ukitoka chini ya miti.

Nipulizie dawa?

Usipulizie. Watakuja wengine toka kwa jirani usiku huo huo, na kila nyenje mwenye sumu ataishia kwenye mdomo wa kinda. Sioni sababu yoyote ya kukubali hasara hiyo kwa ajili ya wiki nne za kelele.

Tulisikia ndege walikufa mwaka 2021. Ni nyenje waliowaua?

Kuanzia mwishoni mwa Mei mwaka huo, ndege wachanga walionekana Washington na majimbo jirani wakiwa na macho yaliyovimba na kutokwa uchafu. Wakazi waliombwa waondoe vyombo vya kulishia ndege. Maabara zilipima mafua ya ndege, virusi vya West Nile na salmonela, hazikuvikuta. Kwa kuwa eneo na wakati vilikaribiana na nyenje, watu wakawanyooshea kidole, lakini hakuna kipimo kilichothibitisha hilo, na ugonjwa ulitoweka majira hayo hayo ya kiangazi.

Wanalika na watu?

Wanalika, na aliyekulia kwenye senene wa Bukoba hatapata shida: wachukue usiku wakiwa bado weupe na laini, uondoe mabawa, ukaange. Mwenye mzio wa kamba au kaa asiwaguse, kwani ni jamaa zao. Usiwaokote pia kwenye kiwanja kilichowahi kupuliziwa dawa, kwani wamekaa kwenye udongo huo miaka 17.

Makundi yote bado yapo?

Hapana. Kundi la XXI la Florida lilionekana mara ya mwisho 1870, na Kundi la XI la Connecticut mwaka 1954. Miti ikikatwa wakati tunutu wako chini, hawana pa kwenda. Leo yamebaki makundi 12 ya miaka 17 na matatu ya miaka 13. Ngao ya wingi hufanya kazi wakiwa wengi tu. Wakishapungua vya kutosha, ndege wale wale wanaoshiba bila kuwadhuru ndio wanaowamaliza.

Lini na wapi wanatoka tena?

Kundi la XXII mwaka 2027, hasa Louisiana na Mississippi. Kundi la XXIII mwaka 2028, kwenye bonde la mto Mississippi, kuanzia jimbo la Mississippi hadi kusini mwa Illinois. Kundi la I mwaka 2029, milimani Virginia na West Virginia. Kundi la II mwaka 2030, kuanzia Connecticut hadi North Carolina. Walioko Washington na Baltimore watasubiri Kundi la X hadi 2038, na Kentucky Kundi la XIV, lililotoka 2025, litarudi 2042. Nenda kwenye msitu wa zamani ambao haujakatwa, kati ya wiki ya kwanza na ya tatu baada ya kutoka, asubuhi, kabla madume hawajaanza kulia. Hapo bado unaweza kusikia ndege.